Shafti Niliyoiita Asili



Siku ya Idd, baada ya sala, watu watatu kwa nyakati mbalimbali waliniuliza swali moja: mtu akitaka kuwapelekea jamaa zake vipuri vya gari, anunue vipi ili visimmalize fedha? Waliniuliza mimi kwa sababu walisikia kwamba niliwahi kupeleka shafti za pikapu Tanga kutoka hapa Kingstanding. Yaliyoipata shafti ya kwanza hawakuyasikia, kwa kuwa sijawahi kuyasimulia nje ya nyumba yangu. Niliwajibu kwa mkato, nikageuza mazungumzo, na kutwa nzima pilau haikunishuka vizuri. Ndipo nikamwomba mhariri anipe nafasi katika kurasa hizi.

Gari lenyewe ni Land Rover 110 ya mzigo. Lilitengenezwa Solihull, mwendo wa nusu saa hivi kutoka hapa tunapokaa, na uzee wake linaumalizia Muheza. Tulilinunua ndugu watatu kwa mchango mwaka 2017, tukamkabidhi mdogo wangu, naye ndilo linalomlisha yeye na wanawe. Kazi yake ni kupanda Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, likiwa na saruji, mabati na abiria, na kuteremka na iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga. Aliyepita njia ile wakati wa masika anajua jinsi udongo mwekundu unavyoteleza kama sabuni, na jinsi makorongo ya magurudumu yanavyochimbika hata tumbo la gari likawa linakwaruza katikati ya njia.

Kwa ajili ya makorongo hayo mdogo wangu aliamua kulinyanyua gari. Mwaka 2020 fundi mmoja alimtilia springi ndefu zaidi, zilizoinua chasisi kwa sentimita 5, kisha juu ya kila springi akaweka kipande cha chuma kilichoongeza sentimita 5 nyingine. Gari likasimama juu kama ngamia. Nililetewa picha kwa simu, nikafurahi, nikawaonyesha watoto. Hakuna kati yetu aliyeuliza habari za shafti.

Kwa wasiojua, shafti ninayoisema ni bomba la chuma linalochukua mzunguko kutoka kwenye giaboksi hadi kwenye difu, lile bonge lililo kwenye ekseli. Land Rover ya namna hii ina shafti mbili, moja ya mbele na moja ya nyuma, kwa sababu magurudumu yote manne husukuma wakati wote. Kila ncha ya shafti ina krosi, yaani kipande chenye umbo la alama ya kujumlisha, kinachoshikwa na panda mbili za chuma mfano wa panda za manati. Krosi ndizo zinazoiwezesha shafti kuzunguka huku imeinama. Gari likinyanyuliwa, giaboksi hupanda pamoja na chasisi, lakini difu hubaki pale pale ilipo kwenye magurudumu. Basi shafti huinama zaidi, na masafa kati ya ncha zake huwa marefu zaidi kuliko yale iliyotengenezewa.

Mwishoni mwa mwaka 2021 krosi za shafti ya nyuma zilikwisha kabisa na panda zake zikatanuka. Mdogo wangu akanipigia: "Kaka, wewe uko kwenye chemchemi ya hizi gari. Ututafutie shafti, lakini usijiumize." Nilitafuta kwenye simu usiku, baada ya kazi. Niliona za pauni 200, za pauni 140, kisha nikaiona moja mpya, nyeusi, inayong'aa, kwa pauni 58. Nikaiagiza. Ilipofika niliilaza ukumbini, nikaitazama. Rangi ilikuwa nzito mno pale bomba lilipochomewa na panda, kama mtu aliyepaka wanja juu ya jicho linalouma. Jina la mtengenezaji halikuandikwa popote. Nikajua, au tuseme nilijua kiasi cha kutosha kuuliza, nami sikuuliza.

Na sasa nalifikia nililolikusudia. Nilichukua karatasi ngumu, nikaandika kwa kalamu nene jina la mdogo wangu, na chini yake nikaandika: ASILI, UINGEREZA. Nikaifunga kwenye shafti kwa waya, nikaipeleka kwa mtu aliyekuwa anajaza kontena la vyombo vya nyumbani. Kwa nini niliandika vile? Si kwa kutaka kumdhulumu ndugu yangu, naapa. Niliona haya. Mtu aliyeko Ulaya kupeleka kitu cha bei ya chini kuliko vyote ni fedheha, na wanaotupokelea hawajui kodi ya nyumba wala bili ya gesi. Nilitaka kutoa kidogo na kuonekana nimetoa kingi. Nadhani wengi wenu mnaufahamu ugonjwa huu.

Shafti ilifungwa Februari 2022. Tangu siku ya kwanza gari lilitetemeka kila lilipofika mwendo wa kilomita 50 kwa saa kwenye lami ya Muheza. Wakabadilisha tairi za nyuma mbele. Wakakaza boliti za magurudumu. Wakafungua beringi za ekseli ya nyuma, wakanunua mpya, bado. Fundi akaanza kuituhumu giaboksi. Shafti hakuna aliyeigusa, wala hakuna aliyelala chini ya gari kuitazama kwa makini, kwa sababu ilikuwa imeandikwa. Mdogo wangu alimwambia fundi, "Hiyo usiihangaikie, ni asili, kaka ameitoa kwao." Kila siku iliyopita, maandishi yangu yalimzuia fundi kuutafuta ugonjwa mahali ulipokuwa.

Masika ya mwaka ule, wakiwa wanapanda na mifuko ya saruji na abiria wanne, shafti ilikatika pale ilipochomewa. Ncha iliyobaki kwenye difu iliendelea kupiga chini ya gari hadi likasimama. Mdogo wangu alikanyaga breki, na breki ya mguu ikashika, Alhamdulillah. Akavuta breki ya mkono, akainua mguu ili ashuke.

Hapa naomba wenye magari ya aina hii, huku na nyumbani, wanisikilize vizuri. Breki ya mkono ya Land Rover hizi za zamani haishiki magurudumu. Inashika kidude kilicho nyuma ya giaboksi ndogo, pale shafti ya nyuma inapoanzia, na nguvu yake hufika kwenye magurudumu kwa kupitia shafti hiyo. Shafti ya nyuma ikikatika, unavuta breki ya mkono inayoshika hewa. Kuacha gari ndani ya gia peke yake nako hakusaidii, kwa sababu ile difu ya kati inayogawa nguvu kwenda mbele na nyuma itaiachia upande uliokatika uzunguke bure. Dawa ni kuifunga loki ya difu ya kati, ndipo breki ya mkono ishike kwa kupitia shafti ya mbele. Na kabla ya mtu yeyote kushuka, mguu usitoke kwenye breki mpaka magurudumu yawekewe vigingi.

Aliyekuwa anaweka jiwe nyuma ya gurudumu ni mwana wa mdogo wangu, kijana wa miaka 17 wakati ule, aliyekuwa utingo wa baba yake. Gari lilirudi nyuma kiasi cha nusu hatua tu kabla ya baba yake kukanyaga tena. Nusu hatua ilitosha. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilisagika baina ya jiwe na tairi, vikakatwa hospitalini jioni ile. Abiria hawakuumia. Waliifungua shafti iliyokatika, wakafunga loki, wakateremka kwa magurudumu ya mbele peke yake.

Nilipigiwa simu usiku. Mdogo wangu alilia, akasema jambo ambalo sitalisahau: "Kaka, nisamehe, shafti yako nzuri tumeiharibu." Nami, Mungu anisamehe, nilinyamaza. Nikasema nitatafuta nyingine.

Sasa nieleze jinsi nilivyotafuta mara ya pili, maana hili ndilo watu waliloniuliza.

Jirani yangu mmoja, mzee wa Kimirpuri tunayesali naye, ambaye sote humwita Haji, alifanya kazi ya kutengeneza shafti karibu maisha yake yote ya hapa Uingereza. Wengi wetu tunaoishi Kingstanding hupita Chester Road kila siku bila kujua kwamba kiwanda kilichokuwa juu ya barabara hiyo hiyo, upande wa Erdington, kilikuwa miongoni mwa viwanda vya shafti vilivyojulikana duniani. Hardy Spicer ndilo jina lililogongwa kwenye krosi zake. Spicer ni yule Mmarekani, Clarence Spicer, aliyepata hataza ya kiungo chake mwaka 1903. Gari dogo la Mini, lililotoka Longbridge mwaka 1959, lilipata viungo vyake vya magurudumu ya mbele kutoka kampuni hizo hizo za Birmingham. Mwaka 1966 zikaingia chini ya GKN. Januari 2021 ilitangazwa kwamba kiwanda cha Erdington kitafungwa, wafanyakazi wakapinga, lakini mwaka 2022 kikafungwa, na ajira zaidi ya 500 zikaondoka. Mafundi wa nyumbani wanaofungua ekseli za mbele za Land Cruiser na kuita kile kiungo "birfield" wanalitamka jina la kampuni mama ya Hardy Spicer ya hapa hapa mjini kwetu. Mimi niliyekaa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwenye elimu hiyo nilikwenda kununua kutoka kwa mtu nisiyemjua, kwa kuangalia rangi.

Nilimwonyesha Haji picha za shafti iliyokatika. Alivaa miwani, akakuza picha, akanyamaza kitambo. Kisha akaniuliza, "Nani alikuuzia hii?" Akanionyesha mambo mawili. La kwanza, mchomeo ulikuwa wa juu juu, haukuingia ndani ya chuma, na rangi ndiyo iliyouficha. La pili, panda za ncha mbili hazikuwa zimeelekeana. Ukiilaza shafti ya kawaida juu ya meza, panda ya ncha hii na panda ya ncha ile hulala sawa, kama mikono miwili ya mtu mmoja aliyeinyoosha mbele. Yetu ilikuwa imepinda, mkono mmoja umelala na mwingine umeinuka kidogo.

Kwa nini hilo lina uzito? Haji alichukua vijiko viwili na uzi akanielezea, nami sikuelewa. Akachukua tena siku ya pili, nikaelewa. Krosi moja ikizunguka huku imeinama, haizungushi kwa mwendo ulio sawa. Katika kila mzunguko mmoja, upande wa pili huenda mbio kidogo mara mbili na kusita kidogo mara mbili. Ikiinama digrii 10, kuzidi na kupungua huko ni kama asilimia moja na nusu, na mtu hahisi kitu. Ikiinama digrii 20 ni kama asilimia 6, na hilo ni pigo linalogonga mara mbili kwa kila mzunguko, shafti inazunguka mara maelfu kwa saa. Kinachotuokoa ni krosi ya ncha ya pili: ikiinama kwa pembe ile ile, na panda zikiwa zimeelekeana, husita pale mwenzake anapokwenda mbio, na kinachofika kwenye difu ni mwendo mtulivu. Panda zikipishana, au pembe za ncha mbili zisipolingana, krosi hizi hazisaidiani tena. Gari hutetemeka, krosi hupata moto, grisi hukauka, na mchomeo dhaifu hupasuka.

"Na hata kama ingekuwa nzuri," akasema Haji, "gari hili mmelinyanyua kiasi gani?" Nilipomwambia sentimita 10, alitikisa kichwa. Kwa shafti yenye urefu wa mita 1, kila sentimita 10 za kunyanyua huongeza karibu digrii 6. Kwa shafti fupi kama ya mbele, tuseme sentimita 60, huongeza digrii 9 na zaidi. Tena shafti ina sehemu ya meno inayoteleza ndani na nje ili irefuke na kufupika gari linaporuka. Baada ya kunyanyua, meno hayo yalikuwa yameshikana kwa ncha tu.

Aliniagiza vipimo kabla ya kununua hata boliti. Kijana wetu, akiwa bado na bendeji mkononi, ndiye aliyevichukua. Hakuwa na chombo chochote cha gereji. Alichukua kipimapembe cha plastiki kutoka kwenye kisanduku cha hesabu cha dada yake, akafunga uzi wenye nati mwishoni kama timazi ya mwashi, akaegesha gari kwenye sakafu iliyo sawa, likiwa na mzigo wa kawaida, akapima mwinamo wa flanji ya giaboksi, wa shafti yenyewe, na wa flanji ya difu. Ukitoa kimoja katika kingine unapata pembe ya kila krosi. Yetu ilikuwa digrii 17 juu na 14 chini. Akapima pia urefu kutoka flanji hadi flanji, mara tatu, na kuandika yote daftarini. Haji alipoyaona maandishi yale alisema angempa kijana huyu kazi siku hiyo hiyo, kama kiwanda kingekuwa kingalipo.

Basi tukakaa mezani kwangu na kuhesabu njia zilizokuwapo. Ile ya kununua tena mpya ya pauni 60 tuliiacha bila maneno. Ya pili ilikuwa kipande cha chuma cha duara cha kuongeza urefu, kinachofungwa baina ya flanji na flanji, pauni 35. Huponya urefu lakini hakigusi pembe, na huongeza boliti za kulegea. Ya tatu ilikuwa kuipeleka shafti kwa karakana iikate, iitie bomba refu zaidi, ichomewe kwa panda zilizoelekeana, kisha ibalansiwe kwenye mashine: pauni 170. Hiyo ni kazi ya heshima, na kama gari lazima libaki juu, naona hapo ndipo fedha ziende. Ya nne ni shafti yenye krosi mbili kwenye ncha ya juu, zaidi ya pauni 300. Watu wengi huitamani hii kwa sababu inakubali pembe kubwa, lakini hawaambiwi kwamba inataka difu igeuzwe iitazame shafti moja kwa moja. Ukiifunga bila kuigeuza difu, umenunua mtetemo wa bei ghali.

Haji alisikiliza hesabu zangu zote, akanywa chai, kisha akauliza swali ambalo sisi ndugu watatu hatukuwahi kuliuliza: "Kilichokuwa kikikwama kwenye matope ni nini? Chasisi au difu?"

Ilikuwa difu. Na difu, ndugu zangu, haipandi hata kidogo kwa kunyanyua springi. Iko kwenye ekseli, na ekseli iko kwenye magurudumu. Kinachoinua difu ni tairi kubwa zaidi tu, nayo huinua nusu ya tofauti ya kimo cha tairi. Miaka miwili mdogo wangu alikuwa akitafuna krosi kwa ajili ya sentimita 10 ambazo nusu yake hazikumfaa kwa lolote ila kuonekana.

Kwa hiyo njia tuliyoichagua ilikuwa ya tano: kutoa vile vipande vinne vya chuma, gari lishuke sentimita 5, libaki na springi ndefu peke yake. Hapo shafti ya urefu wa kawaida inatosha. Nilikwenda yadi ya magari mabovu, nikapata shafti ya nyuma ya 110 iliyotoka kiwandani, kwa pauni 35. Tuliikagua kwa utaratibu alionifundisha Haji, nami nauandika hapa kwa atakayeuhitaji. Izungushe kila krosi kwa mkono, pande zote mbili. Iende laini, bila kukwama na bila kucheza. Ukiona vumbi jekundu kama unga wa pilipili kwenye mdomo wa kikombe cha krosi, grisi ilikwisha zamani. Tazama bomba kwa mwanga wa upande. Penye kibonyeo, iache, haitabalansika. Ivute sehemu ya meno na kuitikisa. Ikicheza sana, iache. Hakikisha panda zimeelekeana, na kabla ya kuzitenganisha, tia alama ya rangi pande zote mbili ili zirudi zilipokuwa.

Nilinunua krosi mbili mpya za mtengenezaji anayejulikana, zenye kitundu cha kutilia grisi, pauni 15 kila moja. Haji alizifunga mwenyewe nyuma ya nyumba yangu kwa jiriwa, mikono ikitetemeka mpaka iliposhika chuma, kisha haikutetemeka tena. Karakana moja ikaibalansi kwa pauni 30. Jumla pauni 95. Tofauti yake na ile ya kwanza ilikuwa pauni 37, na ninawaachia ninyi kuzipima na vidole viwili.

Lakini kulikuwa na kikwazo. Mdogo wangu alikataa kulishusha gari. Muheza nzima ilikuwa inalijua kwa kimo chake. Watoto waliliita kwa jina. "Kaka," akasema, "kunyanyua hakuna kosa. Shafti ile ilikuwa asili na bado ilikatika, basi kosa ni la giaboksi. Nimekwisha zungumza na mtu wa giaboksi." Alikuwa tayari kukopa fedha afungue giaboksi nzima.

Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za nyumba yangu, watoto wamelala. Nikaona kwamba uwongo ule ulikuwa bado unafanya kazi. Ulikuwa umekwisha chukua vidole, na sasa ulikuwa unakwenda kuchukua giaboksi. Nikamwambia. Nikamwambia bei yake, rangi yake, na kwamba neno asili nililiandika kwa mkono wangu bila kuambiwa na mtu yeyote. Katika fikihi yetu muuzaji anayeficha aibu ya bidhaa humpa mnunuzi haki ya kuirudisha. Mimi sikuwa muuzaji, nilikuwa ndugu, na hakukuwa na cha kurudisha.

Mdogo wangu hakusema kitu kwa muda. Nilisikia majogoo upande wake. Kwao kulikuwa kunapambazuka. Kisha akasema, "Ungeniambia ni ya pauni 58, ningeifunga hivyo hivyo. Ila ningeitazama kila Ijumaa." Akakata simu. Hatukuzungumza kwa wiki tatu. Aliyeturudisha ni yule kijana, aliyenipigia mwenyewe kuuliza, "Baba mkubwa, boliti za flanji ni za kukazwa kiasi gani?" Nikajua vipande vya chuma vimetolewa.

Baada ya kushusha, pembe zikawa digrii 14 juu na 13 chini. Kabla ya kuteremsha gari kwenye jeki waliiacha chasisi juu, magurudumu yakining'inia, wakazizungusha shafti zote mbili kwa mkono mzunguko mzima kuangalia kama panda zinagusana popote. Ya mbele, ambayo hapo awali ilikuwa ikikwaruza, ikazunguka bila kugusa. Tairi walifunga 7.50 za inchi 16, zile za kawaida za gari hili, mpya mbili na nzuka mbili. Mtetemo ule wa kilomita 50 ukaondoka. Difu bado hukwama siku za mvua kubwa, na wakikwama huchimba kwa jembe, kama babu zetu walivyochimba.

Kijana sasa ni fundi kamili, na kila baada ya kilomita 5,000 hulala chini ya gari na bomba la grisi, akaandika tarehe kwenye daftari lile lile la vipimo. Nilipokwenda nyumbani mwaka 2024 alinionyesha daftari, akanionyesha na shafti iliyokatika, imeegemezwa nyuma ya mlango wa banda. Karatasi yangu ilikuwa bado imefungwa kwa waya. Niliomba niiondoe. Akasema nisiiondoe, kwa sababu yeye huitumia kuwafundisha vijana wanaojifunza kwake kwamba shafti hupimwa, haisomwi.

Wale watatu walioniuliza siku ya Idd, na mwingine yeyote mwenye haja kama hiyo, nimemwachia mhariri nakala ya ukurasa wa vipimo ili airudufu. Ujazwe kwanza na aliye karibu na gari, gari likiwa na mzigo wake wa kawaida, kisha niletewe. Haji amezeeka na masikio yamekuwa mazito, lakini Jumapili baada ya sala ya adhuhuri huwa nyumbani, na yuko tayari kutazama. Njooni na bei halisi ya kitu mlichokwisha kununua, hata kama ni ndogo.

Wassalaamu alaykum.